Pedali ya breki inapobaki laini baada ya kubadilisha vipuri: kutafuta hewa, na kutambua tatizo lisilo hewa

Kalipa mpya (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu) imefungwa, au masta silinda (silinda kuu inayosukuma mafuta pedali inapokanyagwa), au mpira wa breki (paipu laini inayopeleka mafuta kwenye gurudumu) uliochakaa umeondolewa na mwingine kuwekwa mahali pake. Mafuta ya breki yamejazwa, hewa imetolewa katika magurudumu yote manne, na bado pedali inapokanyagwa inashuka bila kukutana na kitu. Wengi wakifika hapo hurudi kwenye skrubu ya kutolea hewa na kuanza upya, wakamaliza chupa ya pili ya mafuta bila pedali kubadilika. Njia inayofuatwa hapa ni nyingine: pedali isomwe kwanza, kwa sababu namna inavyoshuka hueleza tatizo liko upande gani, na si kila pedali laini ina hewa nyuma yake.

Inafaa kuelewa kwanza ni kwa nini hewa kidogo huleta madhara makubwa. Mafuta ya breki hayabanwi kwa kiasi ambacho mguu unaweza kukihisi, lakini hewa hubanwa mpaka ikakaribia kutoweka. Tuchukue masta silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 22, ambacho ni cha kawaida kwa magari madogo. Eneo la pistoni yake ni kama sentimita za mraba 3.8, kwa hiyo hewa yenye ujazo wa sentimita moja ya ujazo tu, yaani sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai, hula milimita 2.6 za mwendo wa pistoni kabla ya shinikizo kupanda ipasavyo. Mkono wa pedali nao huzidisha mwendo huo. Ukiwa ni wa uwiano wa tano kwa moja, milimita 2.6 za pistoni huwa milimita 13 chini ya unyayo. Viputo viwili au vitatu vya kiasi hicho vinatosha kuifikisha pedali karibu na sakafu.

Kazi yote ya uchunguzi ifanyike gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa, na sehemu iliyoinuliwa ikiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Gari lenye pedali isiyoaminika lisisogezwe kwa injini hata kwa kulitoa tu kwenye gereji.

Kusoma pedali

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita ili kumaliza ombwe lililobaki ndani ya busta (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga kwa nguvu ya ombwe), kisha kanyaga tena polepole na uangalie mambo matatu: pedali inaanza kukinza ikiwa imeshuka kiasi gani, ukinzani wenyewe ni mgumu au unanepa, na ikiwa pedali inabaki pale pale unapoikandamiza kwa nguvu ile ile kwa nusu dakika. Baada ya hapo kanyaga haraka mara tatu au nne mfululizo na uone kama inapanda. Majibu ya majaribio haya ndiyo yanayoamua ufungue nini, na pia usifungue nini. Mtu anayeruka hatua hii kwa haraka ya kushika spana kwa kawaida huirudia baadaye, akiwa amekwisha kumwaga mafuta mengi.

Pedali inanepa na kurudisha mguu

Hii ndiyo dalili halisi ya hewa. Ukinzani huanza laini, huongezeka kidogo kidogo, na mguu huhisi kama umekanyaga sponji. Ukikanyaga haraka mara kadhaa pedali hupanda, lakini hata ikiwa juu haiachi kunepa. Ukitaka kuthibitisha, ondoa kifuniko cha kikopo cha mafuta, funika mdomo wake kwa karatasi ya plastiki inayoonyesha, kisha msaidizi akanyage haraka kama mara ishirini, ashikilie, na aachie ghafla. Hewa iliyobanwa ndani ya mfumo hutanuka kwa nguvu na kurusha mafuta juu ndani ya kikopo. Mfumo usio na hewa hutikisa uso wa mafuta kidogo tu. Vaa miwani ya kinga, na kama tone likiangukia bodi ya gari lioshwe mara moja kwa maji mengi, kwa sababu mafuta haya hubabua rangi.

Ikithibitika kwamba hewa ipo, swali la kwanza la kujiuliza ni kwa nini haikutoka, na jibu hutegemea kipuri kilichobadilishwa.

Kama ni kalipa, tazama skrubu ya kutolea hewa iko wapi. Ni lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa, kwa kuwa hewa hupanda na hukusanyika juu. Kalipa za kushoto na kulia katika magari mengi zinafanana kiasi kwamba kila moja huingia upande wa mwenzake bila kipingamizi chochote, bolti zikakaza vizuri na diski ikazunguka bila kugusa kitu. Zikibadilishana pande, skrubu huangalia chini, na sehemu yote iliyo juu ya tundu lake hubaki na hewa ambayo hakuna kiasi cha mafuta kitakachoisukuma nje. Kosa hili ni la kawaida sana pale kalipa mbili zinapobadilishwa siku moja, na dalili yake ni ya kupotosha: mafuta yanayotoka ni safi kabisa, bila kiputo hata kimoja, huku pedali ikiendelea kunepa. Dawa ni kuzirudisha kila moja kwenye upande wake. Yapo pia magari machache ambayo skrubu haiwi juu kabisa hata kalipa ikiwa mahali sahihi. Kwa hayo, kalipa hufunguliwa kutoka kwenye kishikio chake, kipande cha mbao chenye unene wa diski huwekwa kati ya pedi ili pistoni isitoke, nayo hushikiliwa kwa pembe inayoiweka skrubu juu wakati hewa inatolewa.

Kama ni masta silinda, uwezekano mkubwa ni kwamba ilifungwa ikiwa kavu. Masta silinda mpya ina vyumba viwili vilivyojaa hewa, na baadhi ya hewa hiyo hukwama kwenye ncha ya mbele, hasa pale inapofungwa ikiwa imeinamia nyuma na ncha ya mbele kuwa juu. Inatakiwa itolewe hewa kabla ya kufungwa: inabanwa kwenye jiliwa ikiwa imelala sawa, vipaipu vifupi huunganishwa kutoka kwenye matundu yake na kurudishwa ndani ya kikopo chini ya usawa wa mafuta, kisha pistoni husukumwa polepole na kuachiwa mpaka viputo viishe. Ikiwa tayari iko kwenye gari, si lazima kuishusha. Legeza nati ya paipu moja kwenye masta silinda huku msaidizi akiwa ameshikilia pedali chini, ikaze kabla hajaachia, na urudie mpaka mafuta yatoke bila kutema. Kisha fanya hivyo kwa paipu ya pili. Funika kwa kitambaa kinene, kwani mafuta yatatoka kwa shinikizo. Pale ncha ya mbele inapoangalia juu, kuinua nyuma ya gari mpaka masta silinda ilale sawa husaidia kuliko kurudia zoezi mara kumi.

Kama ni mpira au paipu, na kikopo hakikukauka wakati wa kazi, hewa huwa kwenye tawi hilo peke yake, na kutoa hewa kwenye gurudumu hilo kunatosha. Kikopo kikikauka, hata kwa muda mfupi, hewa huingia kwenye masta silinda na kazi yote huanza upya kutoka juu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Magari yenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki) yanahitaji tahadhari ya ziada. Ndani ya kizuizi cha ABS, yaani kasha lenye pampu na vali zake, zimo njia ambazo vali zake hufungwa wakati wa breki za kawaida, na hewa iliyoingia humo haitoki kwa kukanyaga pedali. Kubadilisha kalipa kwa uangalifu hakupeleki hewa huko. Kukausha kikopo au kubadilisha kizuizi chenyewe hupeleka. Katika hali hiyo inahitajika mashine ya uchunguzi inayoweza kuamuru pampu na vali za ABS zifanye kazi wakati skrubu imefunguliwa, na baada ya hapo hewa hutolewa tena kwa njia ya kawaida. Magari ya haiburidi na mengine ambayo breki zake huendeshwa na pampu ya umeme yenye shinikizo la akiba yasifunguliwe kabisa bila mashine hiyo na bila mwongozo wa mtengenezaji.

Pikapu na magari ya mizigo mara nyingi huwa na vali inayopunguza shinikizo la nyuma kulingana na uzito, ikiwa imeunganishwa kwa fimbo kwenye ekseli. Ekseli ikining'inia, vali hudhani gari ni tupu na huzuia mafuta yasifike nyuma kwa wingi. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe badala ya fremu, ili springi zibebe uzito. Baadhi ya vali hizo zina skrubu yake ya kutolea hewa, ambayo husahaulika kwa urahisi kwa sababu imejificha juu ya chesisi na imefunikwa na matope.

Namna ya kutoa hewa bila kuingiza nyingine

Makosa mengi huzaliwa kwenye zoezi lenyewe. Mpangilio wa magurudumu hutolewa na mtengenezaji, na ukipatikana ufuatwe huo. Usipopatikana, kanuni ya zamani ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizia na lililo karibu: kwa gari lenye usukani wa kushoto ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto, na kwa lenye usukani wa kulia pande hubadilishana. Magari yenye mfumo uliogawanywa kimshazari, ambamo gurudumu moja la nyuma limeunganishwa na la mbele la upande wa pili, mara nyingi hutaka mzunguko mmoja umalizwe kwanza kabla ya kwenda kwa wa pili.

Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha kwenye skrubu, na ncha yake nyingine izame ndani ya mafuta kwenye chupa. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia, skrubu ifunguliwe robo hadi nusu mzunguko, pedali ishuke, skrubu ifungwe, ndipo aachie. Mpangilio huo wa mwisho ndio roho ya zoezi, kwa kuwa pedali ikiachiwa kabla skrubu haijafungwa, hewa hufyonzwa kupitia nyuzi za skrubu na kurudi ndani. Baina ya mkanyago na mkanyago zipite sekunde chache. Kukanyaga kwa fujo huvunja kiputo kimoja kikubwa kuwa vingi vidogo ambavyo huning'inia ndani ya mafuta na kukataa kusogea. Katika gari la zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni: pistoni ya masta silinda ikisukumwa hadi sehemu ya silinda ambayo haijawahi kuifikia, sili zake hukwaruzwa na kutu na uchafu uliojikusanya huko, na gari lililokuja na kalipa mbovu likaondoka na masta silinda mbovu.

Mafuta yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo na yatoke kwenye chupa iliyofunguliwa karibuni. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii ya glaikoli; DOT 5 ni ya silikoni, isichanganywe nazo, tena hushika viputo vidogo na kufanya pedali inepe hata pale kazi ilipofanywa vizuri. Mafuta ya injini au ya usukani yakiingia kwenye mfumo, hata kidogo, raba zote huvimba na hakuna tiba isipokuwa kuzibadilisha.

Viputo havikomi kwenye mpira unaoonyesha

Hapa uulize kwanza unatumia kifaa gani. Pampu ya kufyonza huvuta hewa kutoka nje kupitia nyuzi za skrubu iliyolegezwa, na viputo hivyo havikutoka ndani ya breki kamwe. Paka grisi ya silikoni kuzunguka shina la skrubu bila kuziba tundu lake, au maliza kwa njia ya pedali, na tazama kama viputo vinatoweka. Visipotoweka, tafuta mahali ambapo mfumo unavuta hewa: nati ya paipu iliyokazwa kwa kupindana nyuzi, au bolti ya mpira wa kalipa iliyorudishwa na washa za shaba za zamani. Bolti hiyo huhitaji washa mbili, moja kila upande wa kichwa cha mpira, na zote ziwe mpya.

Hakuna kinachotoka

Skrubu ikifunguliwa na mafuta yasitoke, iondoe kabisa na upitishe waya mwembamba kwenye tundu lake, ambalo huzibwa na kutu. Kama tundu ni safi na bado hakuna mtiririko, legeza mpira kwenye kalipa. Mafuta yasipotoka hapo, mpira wenyewe umeziba ndani. Tabaka lake la ndani linaweza kubomoka huku nje ukionekana mpya. Mpira wa namna hiyo pia huwa kama vali ya upande mmoja, ukiruhusu shinikizo kwenda na kulizuia kurudi, na gurudumu hubaki limeshikwa na kupata joto.

Pedali inashuka sana, kisha inakuwa ngumu kabisa

Pedali hii hainepi. Inapita mwendo mrefu bila kazi na mwishoni hukutana na ukinzani imara. Ukiikanyaga mara mbili tatu hupanda na kuwa nzuri, na ukiiacha kidogo hurudi chini. Kupanda huko ndiko kunakowafanya watu waseme ni hewa. Kwa kweli ni pistoni au viatu vya breki (vipande vinavyokandamiza ngoma kutoka ndani) vinavyosafiri mbali kabla ya kugusa.

Kwenye breki za ngoma, sababu kubwa ni viatu visivyorekebishwa. Viatu vipya vikifungwa kirekebishaji kikiwa kimerudishwa chini kabisa, silinda ya gurudumu hutumia mafuta mengi kuvifikisha kwenye ngoma. Virekebishe mpaka ngoma izunguke kwa mkono ikiwa na mgusano mwepesi tu, kisha pima pedali tena kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kwenye kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake, pistoni hurudishwa kwa kuzungushwa, na kirekebishaji chake kinaweza kuhitaji kuvutwa kwa breki ya mkono mara kadhaa ili kujipanga. Baada ya kubadilisha masta silinda au busta, pima fimbo ya kusukuma: ikiwa fupi, mwendo wa bure huongezeka, ikiwa ndefu, pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu la kurudishia mafuta hubaki limefunikwa, na breki zote hujikaza kadiri zinavyopata joto.

Iko hali moja ya pekee: mkanyago wa kwanza baada ya mwendo hushuka, wa pili ni mzuri, na gari likiwa limesimama tatizo halionekani. Diski iliyopinda, kitovu ambacho hakikusafishwa kutu kabla ya kufunga diski mpya, au beringi iliyolegea, husukuma pistoni nyuma ndani ya kalipa wakati gurudumu linazunguka. Mafuta mapya hayatasaidia chochote.

Pedali inazama polepole chini ya mguu

Shinikizo linatoroka. Ikiwa kiwango cha mafuta kwenye kikopo kinashuka, kuna mvujo wa nje. Kagua kila kiungo kilichofunguliwa, nyuma ya ngoma, na mahali masta silinda inapokutana na busta, kwa sababu mafuta yakivujia ndani ya busta hayaonekani chini ya gari. Ikiwa kiwango hakibadiliki, sili za ndani za masta silinda zinapitisha mafuta kutoka chumba hadi chumba.

Ukishindwa kujua tatizo liko tawi gani, tumia vibanio maalumu vya mipira, vyenye midomo ya mviringo, na ubane mipira yote ya breki kwa uangalifu. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta silinda ni nzima na haina hewa. Achia kibanio kimoja baada ya kingine. Gurudumu ambalo likiachiwa pedali inashuka isivyo kawaida ndilo lenye kasoro. Pedali ikibaki mbovu hata mipira yote ikiwa imebanwa, tatizo liko juu ya mipira: masta silinda, kizuizi cha ABS au paipu za chuma. Usitumie koleo la kawaida, na usibane mpira uliokwisha kuchanika au wenye gamba la chuma.

Pedali ni nzuri injini ikizimwa, lakini injini ikiwaka inashuka

Kushuka kidogo ni dalili ya uzima: busta imeanza kusaidia. Jaribio la kawaida ni kushikilia pedali injini ikiwa imezimwa na ombwe limeisha, kisha kuwasha. Pedali inapaswa kushuka kidogo na kusimama. Isiposhuka na ikawa ngumu kama jiwe, busta au mpira wake wa ombwe ndio wenye kasoro, na hilo halihusiani na hewa kwenye mafuta. Ikishuka mpaka karibu na sakafu, busta inafichua tu hewa ambayo mguu peke yake haukuweza kuibana, na uchunguzi urudi kwenye dalili ya kunepa.

Pedali nzuri asubuhi, laini baada ya mteremko mrefu

Mafuta ya glaikoli hunyonya unyevu, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Breki zikipoa mvuke hurudi kuwa maji na pedali hurudi juu, hivyo anayechunguza gari likiwa limepoa haoni kitu. Katika hali hii hutafuti kiputo. Badilisha mafuta yote, mpaka yale yanayotoka kwenye kila skrubu yawe na rangi ya yale unayomimina.

Pedali ikishakuwa juu, ngumu na tulivu, iwe injini imezimwa au imewaka, kaza kila skrubu kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani ni nyembamba na hukatika upesi. Rudisha kofia zake za raba, jaza kikopo hadi alama ya juu, na umwambie msaidizi akanyage kwa nguvu zake zote huku ukipitia kila kiungo kwa tochi. Jaribio la mwendo lifanyike kwanza kwa kasi ya mtu anayetembea, mahali penye uwazi, breki ya mkono ikiwa tayari mkononi. Taa ya breki ikibaki inawaka ingawa kikopo kimejaa na breki ya mkono imeachiwa, swichi inayolinganisha shinikizo la mizunguko miwili inaweza kuwa imesogea upande mmoja wakati hewa ilipokuwa ikitolewa, na katika mifumo mingi ya aina hiyo mkanyago mmoja wa nguvu skrubu zote zikiwa zimefungwa huirudisha katikati.